Kuteleza Siyo Anasa

Poleni na mitihani, poleni na kibaridi kisicho na hita.

Tangu tuliporudi Huadu wakati wa likizo iliyopita ya Chun Jie, maneno yamekuwa mengi. Watu 12 wa chama chetu tulikwenda wikiendi moja kuteleza kwenye theluji, tukapiga picha, tukarudi. Basi imekuwa nongwa. Mmoja ameuliza tumetumwa China kusoma au kuteleza. Mwingine kasema hizo ni tabia za watoto wa vigogo. Kaka mmoja ninayemheshimu sana, anayemalizia PhD, amesema kwa upole kwamba chama kina mambo ya msingi ya kushughulikia kabla ya "michezo ya Wazungu". Nimeona nijibu hapa kwa maandishi, maana mdomoni tunakatana kauli na mwisho anashinda mwenye sauti kubwa. Hoja yangu naitaja mapema ili asiyependa ageuze ukurasa: safari ile ya majira ya baridi iwe ya chama, ya kila mwaka, na iwe na mfuko wake.

Kwanza tuelewane kuhusu theluji yenyewe, maana walioko nyumbani wakiona picha wanadhani Guangzhou ni Siberia. Hapa theluji hakuna. Januari nyuzi joto zinacheza kwenye 13 au 14. Tarehe 24 Januari 2016 zilipodondoka chembe chache tu, mji mzima ulitoka nje na simu mkononi. Theluji tuliyoikanyaga sisi imetengenezwa na mashine ndani ya jengo kubwa kule wilaya ya Huadu, kaskazini ya mji, lililofunguliwa mwaka 2019. Nje mtu anatembea na koti jepesi, ndani ni chini ya sifuri. Majengo ya namna hii yamezagaa China tangu Beijing ilipopewa, mwaka 2015, uenyeji wa Olimpiki ya baridi ya 2022. Serikali ilijiwekea lengo la kuingiza watu milioni 300 kwenye michezo ya barafu na theluji, na Januari 2022 ikatangaza kwamba wamefika milioni 346. Kwa hiyo ukiwa Huadu hukuti mabwanyenye peke yao. Unakuta bibi na mjukuu, wanafunzi, na vijana wa viwandani walioamua kujipa raha siku moja.

Sasa nije kwenye sababu. Kwa nini Januari na Februari?

Kila aliyekaa hapa mwaka mmoja anaijua ile wiki. Wachina wanaanza kuondoka na mabegi ya magurudumu, kelele za bweni zinapungua kila siku, halafu asubuhi moja unaamka kimya. Kantini moja tu ndiyo iko wazi, nayo saa moja usiku imeshafungwa. Maduka ya mtaani yamebandika karatasi nyekundu na kufuli. Tiketi ya ndege ya kwenda Dar, Nairobi au Entebbe haishikiki, kwa hiyo wengi wetu tunabaki. Likizo inachukua mwezi na zaidi. Mtu anakula tambi za pakiti asubuhi na jioni, analala saa kumi alfajiri, anaamka saa nane mchana, na ukimpigia simu anakwambia "niko poa". Yuko poa wapi?

Mwaka wangu wa kwanza, jirani yetu wa ghorofa ya juu aliugua homa siku nne katikati ya Chun Jie. Hakuna aliyejua. Mwenzake wa chumba, Mchina, alikuwa kwao. Sisi wengine tulidhani kasafiri. Alipopata nguvu ya kushuka kununua maji ndipo tukaonana, kakonda, macho yameingia ndani. Baadaye, akiwa mzima, aliniambia neno ambalo halijanitoka hadi leo: "Ningekufa, mngenichangia tiketi ya maiti ndani ya siku mbili. Nilikuwa hai, nikakosa mtu wa kuniletea chungwa."

Wandugu, tulipime hilo neno. Chama hiki kinajua kuchanga. Mwenzetu akifiwa, jioni ileile orodha inazunguka, yuan 50, yuan 100, hata asiyemfahamu anatoa. Ni jambo zuri na Mungu atulipe. Lakini mfuko tulio nao ni wa misiba peke yake. Tumejipanga kukutana mtu akiwa kwenye sanduku, au akiwa anaaga, au siku ya uhuru wa nchi yake kwa saa tatu za hotuba na wali wa sahani za karatasi. Hatuna siku hata moja iliyopangwa kwa ajili ya kuwa pamoja katika wiki ambazo upweke ndio unatumaliza.

Hiyo wikiendi ya Huadu ilifanya kazi hiyo. Tulikuwa Watanzania, Wakenya, Waganda wawili, Mrundi, mwenzetu wa Bukavu, na Mchina mmoja wa maabara yetu ambaye naye hakwenda kwao kwa sababu ya utafiti. Huyu kwao ni Hainan, kisiwa cha minazi. Alikuwa hajawahi kugusa theluji maishani, sawasawa na mtu wa Tanga! Tulibadili treni za chini kwa chini mpaka Laini namba 9, tukafika tumechoka kabla hata ya kuanza. Viatu vya skii ni vigumu kama vimemwagiwa zege, unatembea kama mtu aliyeteguka vifundo vyote viwili. Mkufunzi alitupanga mstari akatufundisha mambo mawili tu: ukitaka kusimama, kutanisha ncha za mbele za mbao na utanue za nyuma, ukiona mambo yanaharibika, anguka ubavu, usiangukie mikono. Dada wa Mombasa akaondoka kabla somo halijaisha, tukamsikia anapiga kelele mteremko mzima, "Wee! Hii kitu haina breki!" Wa Bukavu akatangaza, "Bandugu, miye niko nabakia hapa chini." Alibakia kama nusu saa hivi. Mtoto wa Kichina wa miaka mitano alipompita akiteleza mikono mfukoni, aliona aibu, akapanda mkanda unaopeleka watu juu.

Kwenye mteremko hakuna mwanafunzi wa PhD wala wa mwaka wa kwanza. Hakuna mwenye ufadhili na asiye nao. Wote mko chini mnatafuta mbao yenu moja iliyokimbia. Usiku, kwenye nyumba yenye jiko tuliyopanga kwa siku mbili, tulisonga ugali wa unga tuliobeba kutoka Xiaobei, na hapo ndipo watu walifunguka. Mmoja alisema msimamizi wake hajamjibu tangu Novemba. Mwingine alisema bumu lake kutoka nyumbani limechelewa miezi mitatu na anadaiwa na watu wanne. Dada mmoja alisema hajawahi kuwaambia wazazi wake kwamba amebadili kozi. Yote hayo hayakuwahi kusemwa kwenye mkutano wowote wa chama, na mikutano tumefanya mingi!

Najua pingamizi. Nitazijibu moja moja.

La kwanza ni pesa. Posho ya ufadhili wa Serikali ya China ni yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Humo kuna chakula, kuna simu, na kwa wengi kuna mdogo wake anayesomeshwa. Wanaojilipia hata hicho hawana. Nakubali, na ndiyo maana nasema mfuko. Yuan 20 kwa mwezi kwa miezi kumi ni yuan 200 ambazo mtu haoni zikitoka. Anayeshindwa hata hizo, mfuko umbebe bila jina lake kutajwa. Safari ikiachwa kwa wenye uwezo, hapo kweli itakuwa ya watoto wa vigogo, na aliyejifungia chumbani atazidi kujifungia.

La pili, eti siyo mchezo wetu. Jamani! Neno theluji tunalo kwenye Kiswahili kutoka Kiarabu, na mlima wenye barafu tunao sisi. Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji Kilimanjaro mwaka 1848, msomi mmoja wa London, Cooley, alibisha miaka na miaka kwamba haiwezekani karibu na ikweta. Wachagga hawakuhitaji ubishi huo. Mlima walikuwa wakiuona kila asubuhi. Leo barafu yenyewe inatuaga: watafiti walipima wakakuta kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu ilikuwa imetoweka. Tunamwachia nani kusema theluji ni ya kwake?

Halafu kuna Philip Boit. Mkenya huyu alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland kujifunza skii, na mwaka 1998 akashindana Nagano, Japani, mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika kama 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alisimama kwenye baridi akimngoja, na sherehe ya medali ikangoja pia. Boit hakuacha, alishindana tena Salt Lake City 2002 na Turin 2006, na mwanawe akampa jina la Dæhlie. Mwaka 2018 Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya kule PyeongChang. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu ambao timu ya Ice Lions imeufanya nyumbani kwake, na mwaka huohuo ndugu zetu wa Dubai wakapata mlima wa theluji ndani ya jengo la maduka. Anayesema Mwafrika na theluji ni mbingu na ardhi amechelewa sana.

La tatu ndilo zito, nalo ni picha. Ukituma nyumbani picha umesimama kwenye theluji na miwani mikubwa, kesho yake mjomba anataka pikipiki. Hili ni kweli, wala simlaumu mjomba. Yeye ameona anachoonyeshwa. Tunaficha tambi za pakiti, tunatuma theluji, halafu tunalalamika kwamba nyumbani hawatuelewi. Pendekezo langu: picha ziende na maelezo. Mwambie mama kwamba ni ndani ya jengo, nguo ni za kukodi, tulichanga mwaka mzima, na mguu unauma. Mama ataelewa, na atacheka. Tena atajua una watu.

Kuwa na watu ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Waliokuwepo hapa Aprili 2020 wanakumbuka Waafrika walivyotolewa kwenye nyumba za kupanga na hoteli katika mji huuhuu kwa hofu ya korona, wengine wakilala nje, mpaka mabalozi wa Afrika wakaiandikia serikali ya China kulalamika. Siku kama zile zinapokuja, katiba ya chama haikupi mahali pa kulala. Anayekupa ni mtu anayeijua sauti yako kwenye simu, aliyekuinua ulipoanguka, aliyekula nawe sufuria moja. Watu hao hawapatikani siku ya dharura. Wanatengenezwa mapema, kwa vitu vinavyoonekana vya kipuuzi.

Kwa hiyo napendekeza kwa mkutano mkuu: (1) kuanzia muhula ujao kila mwanachama achange yuan 20 kwa mwezi, mfuko tofauti na wa misiba, na hesabu zisomwe hadharani, (2) safari iwe wikiendi inayotangulia mwaka mpya wa Kichina, kabla usafiri na maduka havijafungana, (3) kila mmoja aje na pasipoti, bima ya mwanafunzi, glavu zake na soksi nene, (4) asiyetaka kuteleza aje apike, (5) kabla ya safari, viongozi wapite mlango kwa mlango, hosteli zote, waandike nani amebaki. Hili la tano nalitaka hata mkiyakataa manne ya kwanza.

Naomba kutoa hoja.