Wanaojua gereza waingie chuoni

Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, M23 walipokuwa wakiingia Goma, wafungwa zaidi ya 4,000 walitoroka gereza la Munzenze. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba wanawake zaidi ya 160 walibakwa humo na wafungwa waliokuwa wakitoroka, na wengi wao wakafa katika moto.

Kwa wakaaji wa Rubaya hii si habari ya mbali. Munzenze lilikuwa gereza kuu la jimbo. Kijana akikamatwa katika ugomvi wa mashimo ya koltani, angeweza kuishia huko, na mama yake akafuata njia ya Sake akiwa na chakula mkononi. Tangu mwisho wa mwezi wa nne 2024 Rubaya imo mikononi mwa M23, na kumfuata ndugu aliyefungwa kumezidi kuwa kugumu.

Wako watu waliotembelea makasho yetu miaka mingi. Wanajua nani alikaa ndani bila kuonana na hakimu, na nani alitakiwa kulipa ndipo atoke. Lakini ujuzi huo unaishia katika matangazo kwa waandishi wa habari, na baada ya juma moja umesahauliwa.

Tuangalie jirani. Susan Kigula alihukumiwa kifo Uganda mwaka 2002. Akiwa gereza la Luzira, yeye na wenzake 417 walishitaki serikali, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikasema kumlazimisha hakimu kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha katiba. Mama huyo alisomea sheria humo humo gerezani, kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London, akawasaidia wafungwa wenzake katika kesi zao. Alitoka mwaka 2016.

Kwetu, mwanaharakati wa miaka 50 akiomba kuandika tezi, watu wanacheka: mzee anatafuta nini kati ya watoto? Anatafuta kile ambacho kijana wa miaka 22 hawezi kukipata, maana wafungwa na walinzi wanamjua na wanamwambia ukweli. Vyuo vikuu vya Goma vimpokee, vimpunguzie karo, vimpe profesa wa kumwongoza. Aanze na majina ya waliokuwa Munzenze siku ile, wakati familia zao bado zinayakumbuka.