MALILI IKIJENGWA, MPANGAJI ATAKAA WAPI?



Sisi tulio njia ya Konza twaona Malili ikigeuka. Mwaka 2009 Serikali ilinunua eka 5,000 za shamba la Malili, na Januari 2013 Rais Kibaki akauzindua mji mpya wa Konza. Ni jambo jema. Vijana wetu wataka kazi, wala hatupingi maendeleo. Lakini nauliza: bei ya ploti ikipanda, yule aliyepanga chumba au kibanda kando ya barabara ya Mombasa atakwenda wapi? Mwenye ardhi akiuza hupata fedha. Mpangaji hupata notisi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi watu wa reli tuliumwa pale Muthurwa, Nairobi. Nyumba zile reli ilizijenga wakati wa ukoloni kwa wafanyakazi Waafrika. Baadaye zikawa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji waliambiwa wahame katika siku 90, ili pajengwe upya. Wakaenda kortini. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilikata kwamba haki zao zimevunjwa, tena ikaamuru pande mbili zikae pamoja zipange namna ya kuhama.

Angalieni vizuri, ndugu. Aliyetoa notisi hakuwa setla. Ni mfuko wetu wenyewe, nao ulikuwa na haja ya kweli, maana wazee wetu wangoja pensheni. Hivyo mstaafu alisimama upande huu na mpangaji upande ule, na wote ni wafanyakazi. Kosa halikuwa kujenga. Kosa lilikuwa kuwakumbuka watu mwisho, baada ya kupanga majengo.

Basi, maoni yangu ni kwamba chama kisingoje notisi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya makao ya kufaa. Twende sasa kwa Serikali ya Kaunti ya Makueni tukadai mambo matatu: wapangaji wa Malili waandikwe majina, nyumba za kodi nafuu zijengwe kabla ya kubomoa, na notisi yoyote ifuate mkutano, isiutangulie.

Nanyi mliopanga hapa, njoni mkutano wa tawi na stakabadhi zenu za kodi. Asiye nayo aanze kuidai mwezi huu.