Asidi haipanguswi na unga wa mbao

Wandugu wasikilizaji na wasomaji, wakaaji wa Dilala na Manika, na ninyi jamaa mlioondolewa katika nyumba zenu na sasa mnajipanga upya pembeni ya mji, leo ninaomba tuongee juu ya jambo linaloonekana dogo: kile kitambaa kinachotumiwa kufyonza mazuti au asidi inapomwagika kazini.

Siku moja nilisimama kwenye garaje ya kando ya barabara ya kwenda Likasi. Bidoni ya mazuti ilikuwa imeanguka. Kapita aliwatuma vijana wawili, wakaleta unga wa mbao katika mfuko, wakatawanya, wakangoja, wakafagia. Kazi ilienda vizuri. Nilipowasifu, mmoja akanijibu: “Yaya, hata ingekuwa asidi tungefanya vile vile.”

Neno lile halijanitoka. Kwa sababu kama ingekuwa asidi, kijana yule angeungua.

Tuko Lualaba. Shaba na kobalti yetu nyingi hutolewa katika jiwe kwa kuliyeyusha na asidi ya sulfuriki. Nyingine hutengenezwa hapa, nyingine hutoka Zambia, na kila siku kamyo zinaipitisha mbele ya masoko na shule zetu. Hatujasahau Kabwe. Tarehe 20 Februari 2019, kamyo iliyopeleka asidi kwenye mgodi wa Mutanda iligongana na basi katika kijiji hicho, kwenye barabara ya Kolwezi na Lubumbashi. Asidi iliwamwagikia watu. Walikufa watu 20 hivi, na wengine wanaishi na makovu mpaka leo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kampuni isiseme kwamba iko tayari kwa sababu tu ina vitambaa vya kufyonza katika depo. Iseme ni vya aina gani, ni vingapi, viko wapi, na nani amefundishwa kuvitumia.

Tuanze na aina. Vitambaa hivi vinafanana na vipande vya blanketi, lakini havifanyi kazi moja. Kuna vya mafuta tu, ambavyo mara nyingi ni vyeupe. Hivi hunywa mazuti na mafuta ya injini, lakini vinakataa maji. Wakati wa mvua vinafaa sana, maana unaweza kuviweka juu ya maji ya mfereji, vikachukua mafuta na kuacha maji. Lakini ukiviweka juu ya asidi iliyochanganyika na maji, itapita chini yake na kuendelea na safari. Kuna vya kijivu, vya kazi za kawaida: maji, mafuta, maji ya rejeta. Na kuna vya kemikali, mara nyingi vya rangi ya manjano, vya plastiki laini isiyoliwa haraka na asidi. Lakini rangi si sheria. Kila mtengenezaji ana desturi yake. Kinachotakiwa ni kusoma maandishi ya mfuko na kuona kama asidi ya sulfuriki, kwa nguvu ile mliyo nayo, imeandikwa.

Je, unga wa mbao una ubaya gani? Kwa mazuti hauna ubaya mkubwa, ila usiuweke karibu na moto. Lakini asidi kali hunyonya maji yaliyo ndani ya mbao, huigeuza kuwa makaa, na joto linapanda. Moshi unaweza kutoka, hata moto unaweza kuwaka. Nguo kuukuu za pamba, magunia na karatasi viko katika hesabu hiyo hiyo. Na maji? Kumwaga maji kidogo juu ya asidi kali kunaichemsha na kuirusha usoni mwa aliyesimama karibu.

Kazi yenyewe ina mpango wake. Kwanza watu waondoke, na aliyefundishwa avae glavu nene zinazokataa asidi, bote, na miwani inayofunika macho. Pili, kama inawezekana bila hatari, azuie inakotoka: ainue bidoni, afunge valvu. Tatu, azungushe kizuizi cha mchanga mkavu, na mfereji uzibwe kabla ya kupangusa hata tone moja. Wengi wetu tunakosea hapa: tunakimbilia katikati ya dimbwi huku ukingo unatembea kuelekea kisima. Nne, vitambaa viwekwe kuanzia ukingoni kwenda ndani, viachwe vinywe, visikanyagwe. Kama ni asidi, chokaa itawanywe polepole ili kuua nguvu yake, kuanzia pembeni, kwa sababu hiyo nayo huleta joto na povu.

Mwisho ni jambo ambalo makapita wengi hawalisemi: kitambaa kilichokunywa asidi ni asidi. Kilichokunywa mazuti ni mazuti. Kinapaswa kwenda ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko na jina limeandikwa juu yake. Hakipaswi kwenda jalalani, ambako mtoto wa mama aliyehamishwa anatafuta kitu cha kuwashia mbabula au cha kutandika chini.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina uongo. Kitambaa kimoja hunywa takribani lita moja, mara nyingi chini ya hapo. Pipa moja lina lita 200. Kwa hiyo pipa moja likimwagika lote, linataka vitambaa zaidi ya 200. Nimeona mahali pa kazi penye mapipa kumi na pakiti moja ya vitambaa imening’inizwa ukutani kama picha ya harusi. Na kamyo yenye tani 30 za asidi inabeba lita 16,000 na zaidi. Hakuna pakiti ya vitambaa itakayoinywa hiyo. Pale panatakiwa udongo wa kujenga kizuizi, chokaa kwa tani, watu waliofundishwa, na zaidi ya yote, wakaaji kuondolewa mbali.

Jirani zetu wa Zambia wameyaona. Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la taka za mgodi wa shaba ulivunjika huko Chambishi, na lita milioni 50 hivi za maji yenye asidi zikaelekea mto Kafue. Samaki walikufa, mji wa Kitwe ukakatiwa maji, na serikali ikalazimika kumwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege. Kitambaa ni cha tone na cha ndoo. Anayekuonyesha kitambaa ili usimwulize juu ya kamyo na bwawa, anakuficha jambo.

Najua jibu la wakubwa: vitambaa vya kemikali vinatoka ng’ambo, ni makuta mengi. Ni kweli. Lakini mchanga mkavu hautoki ng’ambo. Mawe ya chokaa yako Kakontwe, karibu na Likasi. Na kumfundisha kijana kwa nusu siku kunagharimu kidogo kuliko kumzika. Tena Kodi ya Madini iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema kwamba mwenye haki ya mgodi analipa madhara ya kazi zake kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakufanya kosa. Basi kinga ni faida yao pia.

Ninaomba mambo matatu. Kila kamyo ya asidi ibebe vifaa vyake vya kuzuia na kufyonza, na dereva na kondakta wajue kuvitumia. Kila kampuni ndogo inayopewa kazi na kampuni kubwa iwape vibarua wa siku glavu zile zile wanazovaa watu wa kandarasi, kwa sababu asidi haiulizi kandarasi. Na wakubwa wa mitaa iliyo kando ya barabara waonyeshwe wapi mchanga na chokaa vimewekwa, na nani wa kuitwa usiku.

Na sisi wakaaji tuna sehemu yetu. Kamyo ikianguka, usikimbilie na bidoni kuchota kinachovuja ukidhani ni mazuti. Simama upande unakotoka upepo, mahali pa juu, na uwaondoe watoto. Bidoni ya lita 20 ya maji ina kilo 20. Ya asidi kali ina karibu kilo 37. Ukiokota bidoni isiyo na jina na ikawa nzito kupita kawaida, iache chini bila kuifungua. Asidi ikikugusa, vua nguo zilizolowa mara moja na ujimwagie maji mengi, mengi sana, kwa dakika 20, kiisha nenda hospitali. Maji kidogo juu ya asidi iliyo chini ni hatari, lakini maji mengi juu ya mwili ndiyo dawa ya kwanza. Usipake chokaa, mafuta wala maziwa.

Nilirudi kwenye garaje ile. Nilimkuta kijana yule, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alinyamaza kidogo, kiisha akaniuliza: “Sasa yaya, mbona hakuna aliyetuambia?”

Swali hilo sikuweza kulijibu. Ninalipeleka kwa wanaopaswa kulijibu.