Betri Zikae Wapi?

Wiki hii twaomba ruhusa ya msomaji tuzungumzie gari la mtoto, kwani lilituaibisha.

Likizo hii, nyumbani kwetu Dodoma, kijana wetu wa darasa la tano aliunda gari la kibao. Magurudumu aliyakata katika ndala kuukuu, na ekseli zikawa spoku za baiskeli zilizopitishwa ndani ya mirija. Mota ndogo aliing'oa katika deki iliyokufa, pamoja na mkanda wake wa mpira. Betri mbili kubwa za redio alizinunua kwa fedha aliyoiweka tangu Idi.

Likabaki swali moja: betri zikae wapi? Yeye alisema nyuma. Sisi, kwa haraka ya wakubwa, tulisema mbele, kwa kuwa malori yaendayo Singida injini zake ziko mbele. Tukazifunga wenyewe kwa waya. Juu ya sakafu ya saruji gari lilikwenda. Tulipoliteremsha uani, katika mchanga wetu wa Dodoma, magurudumu ya nyuma yalizunguka pale pale yakichimba vishimo viwili. Mtoto hakusema neno. Alilichukua gari lake, akalisukumia uvunguni, na kwa siku mbili hakuligusa.

Siku mbili hizo zilitutosha kufikiri. Mota haikuwa na kosa. Gurudumu linalosukuma ndilo linalohitaji kukandamizwa ardhini, nasi uzito tuliupeleka kwa magurudumu yasiyo na kazi. Hata lile lori, injini iko mbele, lakini shehena huyalalia magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo yanayosukuma.

Tukamwita. "Baba, kauli yako ilikuwa sahihi. Utuwie radhi."

Hakuzifunga betri mara moja. Kwanza alizipachika nyuma kabisa ya ekseli. Gari likanyanyua pua. Akazisogeza mbele kidole kwa kidole, hadi zikatulia mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, zimelazwa kukingama ili uzito wa kulia na kushoto ulingane. Mota aliiweka jirani, mhimili wake sambamba na ekseli, kwani ukikaa upande mkanda huchomoka. Kwenye ekseli alivisha vizibo viwili vya soda vilivyogandishwa mgongo kwa mgongo, mkanda ukapita katikati. Mwendo ulipungua, nguvu ikaongezeka.

Jirani yake alishauri betri ya simu. Hilo tulilikataa katakata: ikitobolewa, au nyaya zake zikigusana, huweza kuwaka moto. Wala ukubwa wa betri za redio hauongezi volti. Kubwa na ndogo zote ni 1.5, na mbili zikifuatana ni 3. Kubwa hudumu zaidi, na ni nzito, jambo ambalo hapa lilitufaa.

Jana baada ya alasiri gari lilivuka ua, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mwarobaini. Lilikwama mara moja tu, juu ya ganda la karanga. Sasa dada yake ataka la kwake, lenye tela.