Shahada ya mipango ya miji: Je, mshahara utalipa deni?

MTOTO wa Riruta anapoitwa chuo kikuu kusomea mipango ya miji, mzazi huuliza swali moja: "Kazi hiyo italipa ngapi?" Wapo wasomi wanaomcheka mzazi huyo, ati anapima elimu kwa ratili kama nyama. Mimi simcheki. Anayekopa hana budi kujua atalipa kwa fedha zipi.

Basi tupige hesabu. Mpango wa serikali wa kuwakopesha wanafunzi ulianza mwaka 1974. Wengi waliokopa zamani hizo hawakulipa, maana hapakuwa na chombo chenye nguvu ya kuwafuata. Mwaka 1995 ikaundwa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, nayo ikapewa meno. Kabla ya mtindo mpya wa kugharimia vyuo vikuu ulioletwa mwaka 2023, mwanafunzi alikopeshwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka. Aliyepata kiasi cha juu kwa miaka minne alitoka na deni la shilingi 240,000. Riba ya asilimia 4 ni shilingi 9,600 kwa mwaka.

Hapo hapana la kutisha. Tuseme kijana huyo amepata kazi mara moja na anakatwa shilingi 5,000 kila mwezi. Atamaliza deni kwa muda wa miaka minne na nusu hivi. Ni kweli mshahara wa mwanzo si mnono, tena una wenyewe kabla haujafika mfukoni: kodi ya chumba, nauli ya kwenda mjini, karo ya wadogo zake. Hata hivyo deni hilo linabebeka.

Balaa iko kwingine. Sheria humpa mkopaji mwaka mmoja baada ya masomo, kisha hudaiwa, awe na kazi au hana. Faini ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipwa. Kwa mwaka mmoja hizo ni shilingi 60,000, zaidi ya mara sita ya ile riba. Miaka miwili bila kazi ni shilingi 120,000, nusu ya mkopo wenyewe. Kukopa harusi, kulipa matanga! Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zisizidi mkopo uliochukuliwa. Ni afueni, lakini bado asiye na kazi aweza kujikuta akidaiwa mara mbili ya alichokopa.

Na msomi wa mipango ya miji yumo hatarini kuliko wengi, kwa sababu shahada pekee haimpi ruhusa ya kujitegemea katika kazi yake. Sheria ya mwaka 1996 inataka asajiliwe, na kabla ya hapo awe amefanya kazi akapata ujuzi. Maana yake ni kwamba faini yaweza kumkuta angali akitafuta pa kujifunzia kazi.

Ajabu ni kwamba kazi yenyewe imejaa tele. Pita Naivasha Road hadi Riruta Satellite, kisha uzunguke Kawangware. Palipokuwa mashamba ya mahindi pamesimama maghorofa yaliyobanana, na maji machafu yanapita mlangoni. Wapangaji wa nyumba wamejaa. Mpangaji wa mji haonekani. Kule Kibera, Julai 2018, nyumba na shule zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na maelfu ya watu wakabaki nje. Lakini Mukuru, iliyotangazwa mwaka 2017 kuwa eneo la mipango maalumu, wasomi wa vyuo vikuu walikaa na wenyeji wakapanga pamoja mitaa yao, na baadaye barabara na maji vikaingia.

Faida ya elimu hii, basi, humfikia mwenye duka, mwenye ploti na mama anayechota maji. Deni humkalia mmoja. Hiyo si haki.

Naona yafaa mambo mawili yafanywe. Kwanza, faini isianze mpaka mkopaji apate kipato. Wapo watakaosema watu watajificha kama wale wa zamani. Sivyo, siku hizi mwajiri hupeleka makato ya kodi ya kila mfanyakazi, na mwenye mshahara hana pa kujificha. Pili, Kaunti ya Nairobi ichukue vijana hawa kwa malipo, iwaweke Riruta, Kawangware na Kibera chini ya wapangaji waliosajiliwa, ili wapate ujuzi unaotakiwa. Sheria ya mwaka 2019 inadai kila kaunti iwe na mpango wake wa matumizi ya ardhi. Mpango huo utachorwa na nani, ikiwa wachoraji wako nyumbani wakihesabu faini?

Nawe kijana uliyeitwa, nenda kasome. Ila kopa kinachotosha karo na chakula, usikope cha kujionyesha. Tafuta ofisi ya kujifunzia kazi ungali chuoni, usingoje siku ya mahafali. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hakuna alipaye kwa mikono mitupu.