Nyimbo Zisihame na Laptopu

Mwalimu wa kwaya yetu hapa Voi alihamishwa shule mwezi wa kwanza, na nyimbo zikahama naye. Hakuziiba. Zilikuwa kwenye laptopu yake, arobaini na kitu, zote za sauti nne, na sisi tukabaki na fotokopi zenye madoa ya chai. Kamati ikaamua tuchape kitabu chetu wenyewe, cha nota na maneno, na kwanza tuchague programu ya kuandikia. Kikao kimoja baada ya ibada kilizaa hoja nyingi kuliko programu zenyewe. Karibu zote nazipinga.

"Tuchukue Finale, ndiyo ya wataalamu." Aliyesema hivyo ni mzee mwenye besi ya kutikisa madirisha, na miaka kumi iliyopita ningemuunga mkono. Finale ilitoka mwaka 1988, na nyimbo nyingi tulizopokea kutoka ng'ambo ya Taveta, kwa kwaya za Tanzania, ziliandikwa humo. Lakini tarehe 26 Agosti 2024 wenyewe, MakeMusic, walitangaza kwamba wameacha kuiendeleza na kuiuza. Aliye nayo anaweza kuendelea nayo mpaka siku kompyuta yake itakapokufa au Windows itakapobadilika. Kwa kanisa linaloanza kitabu leo, huko ni kupanda basi ambalo dereva ameshashuka. Tena nakala nilizoziona kwenye laptopu za walimu zilifika kwa flashi, hakuna aliyekuwa na risiti.

Mwenye faili za Finale asikae tu. Azifungue wakati bado zinafunguka, azitoe kwa muundo wa MusicXML, ambao programu nyingine zote kubwa zinausoma. Finale za mwisho zinaweza kugeuza folda nzima kwa mkupuo mmoja. Nota, maneno na ufunguo vitavuka salama. Mpangilio wa ukurasa utavuka ukichechemea, na itabidi kuunyoosha kwa mkono.

"Basi MuseScore? Si siku hizi inalipiwa." Hapa watu wanachanganya mambo mawili yenye jina moja. Kuna tovuti ya kubadilishana nota, na humo ukitaka kupakua kazi nyingi unaombwa ulipie. Halafu kuna programu ya kuandikia, MuseScore Studio, ambayo ni bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Hailipiwi kwa mwezi wala kwa mwaka. Na yule aliyelalamika kikaoni kwamba programu inamaliza bando alikuwa amebonyeza kupakua Muse Sounds, zile sauti za okestra zenye gigabaiti kadhaa. Kitabu hakipigi violini. Waachieni wenye kutunga filamu.

"Cha bure hakitoi chapa ya kitabu." Huyu nilimwekea kurasa mbili mezani bila kumwambia ipi imetoka wapi, akachagua ya bure. Ukurasa huharibiwa na mkono wa mwandishi kabla ya programu. MuseScore huanza na mistari mitano yenye kimo cha milimita 7, iliyokusudiwa karatasi ya A4. Ukiileta hivyo kwenye kijitabu cha A5, wimbo wa beti nne unamwagika ukurasa wa pili, na waumini wanafunua karatasi katikati ya kiitikio. Nimeishusha hadi milimita 5.6, nikapunguza nafasi kati ya safu, na wimbo ukakaa ukurasa mmoja. Herufi za maneno sikuzigusa. Mama zetu wanaoimba jioni chini ya taa moja wanahitaji maneno kuliko wanavyohitaji nota nene. Jambo jingine la duka la kuchapa: kijitabu cha kukunja hutaka kurasa zinazogawanyika kwa nne. Kurasa 96 ni karatasi 24 za A4. Ukileta 97, utalipia karatasi nzima kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Dorico nayo ni programu safi, iliyotoka 2016 kwa mikono ya watu waliowahi kutengeneza Sibelius, programu nyingine ya nota, na ina daraja la bure. Mwenye fedha za daraja la juu asiogope. Sisi hatuna.

Hoja iliyonipa kazi ni ya nne: "Kwaya yetu inasoma d-r-m. Mistari mitano ya nini? Microsoft Word inatosha." Nusu yake ni kweli, na ni nusu yenye heshima. Solfa, ndiyo hiyo d-r-m, ilianzia kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ikasukwa upya na mchungaji John Curwen, na wamisionari wakaisambaza duniani. Huku Taita, Waanglikana wa CMS walifika Sagalla mwaka 1883 na Wakatoliki wakafungua misheni ya Bura mwaka 1892. Mpaka leo wapo wazee Wundanyi wanaokusomea d-r-m kama wanavyosoma barua. Tena solfa ina uungwana ambao mistari mitano haina: sauti ya kwanza ikilia kwamba wimbo uko juu, mwalimu anafuta "Doh ni G" anaandika "Doh ni F", na hakuna herufi nyingine inayoguswa.

Nusu ya pili ndiyo inayoanguka. Solfa hupimwa kwa nafasi. Nukta mbili inatenganisha mapigo, nukta moja inalikata pigo katikati, kistari kinashikilia sauti, na vyote vinapaswa kusimama sawasawa, soprano juu ya alto, alto juu ya tenor. Word haijui hilo. Ukiongeza neno moja kwenye ubeti wa pili, mstari mzima wa tenor unasogea kulia, besi inabaki nyuma, na Jumapili sauti mbili zinaingia kwa nyakati tofauti kila mmoja akiapa kwamba ndivyo karatasi inavyosema. Nilivyofanya ni kuandika nota kwanza, kisha herufi za solfa nikazifunga chini ya nota za kila sauti kama maneno ya wimbo. Nota ikisogea, herufi inasogea nayo. Vijana wanaojifunza mistari mitano wanasoma nota juu, wazee wanasoma herufi zao chini.

"Maneno yatajipanga yenyewe." Hayajipangi. Mashine zilizofunzwa Kiingereza hukata "Mung-u", na ukimpa muumini hiyo atasita. Kiswahili kinakatwa Mu-ngu, Bwa-na, na ile "m" ya m-ta-ka-ti-fu inadai nota yake yenyewe: silabi tano, si nne. Kwa hiyo nilikata beti zote kwa mkono kwenye karatasi kabla ya kuwasha kompyuta. Za Kidawida, lugha ya Wataita, sikuthubutu peke yangu. "Mlungu" inaimbwa kwa silabi mbili au tatu? Nilikwenda kumuuliza mama mmoja wa Mbololo. Badala ya kujibu aliimba, nami nikahesabu kwa vidole.

"Tuskani tu kitabu cha zamani." Picha haisahihishwi, na sheria ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Stuart Hine, aliyeandika How Great Thou Art kwa Kiingereza, alifariki 1989, hesabuni wenyewe. Na mfasiri wa Kiswahili ana haki yake pia, hata kama mtunzi wa kwanza alishazikwa zamani.

La mwisho lilitoka kwa mweka hazina: "Tukipata PDF tumemaliza." PDF ni ya mchapaji. Wiki ya pili baada ya kuchapa majaribio, tenor waligundua nota mbaya katika kipimo cha saba cha wimbo wa Krismasi, na ingekuwa PDF pekee tungeirekebisha kwa kalamu nakala baada ya nakala. Sasa kila wimbo una faili tatu: ya MuseScore, ya MusicXML na ya PDF. Flashi moja iko kwenye kabati la vestri pamoja na vikombe, nyingine kwa katibu. Yule mwalimu tulimpigia simu. Alituma zake zote kwa barua pepe usiku huohuo. Zilikuwa za Finale.