AFYA YETU: Vyombo vya Kupasulia Huoshwa Kwanza

Msomaji wetu mmoja, karani katika zahanati huko Embu, atuuliza hivi: Ikiwa visu na koleo vitatiwa katika maji yanayotokota kwa dakika 20, kuna haja gani ya kuvisugua kwanza? Je, moto hauui kila kitu? Swali hili ni jema, na limekuja kwa wakati wake, maana shule zikifungwa mwezi wa Desemba vijana wengi wa Meru na Embu hutahiriwa. Kisu kisichotakaswa kikipita kutoka kwa kijana mmoja hata mwingine, chaweza kuchukua Ukimwi au homa ya ini ya aina B.

Jawabu letu ni kwamba moto hauui kile usichokifikia. Damu ikikauka katika meno ya koleo au katika kiungo cha mkasi hufanya ganda, na vijidudu hujificha ndani yake. Mkulima wa kahawa aelewa vema jambo hili: buni ikianikwa na utelezi wake, hata jua liwe kali namna gani, haitoki safi. Basi vyombo vioshwe mara baada ya kazi, kabla damu haijakauka. Maji yawe ya baridi au vuguvugu, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu kama yai. Kila kiungo kifunguliwe, na brashi isugue ndani ya maji, si juu yake, ili matone yasiruke machoni. Kisha visuuzwe na kukaushwa.

Watumishi wengi walifundishwa kuloweka vyombo katika dawa ya klorini kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri desturi hiyo iachwe, kwa sababu dawa hiyo hula chuma, na nguvu zake hupungua ikutanapo na damu. Nami naongeza kwamba humfanya mtu adhani hatari imekwisha, akavishika ovyo.

Sasa turudi kwenye sufuria ya karani wetu. Mombasa maji hutokota kwa digrii 100. Lakini Meru mjini, karibu futi 5,000 juu ya bahari, hutokota yakifika digrii 95 hivi, na kuni ziongezwapo hayazidi hapo. Wala hata hizo 100 za pwani haziwezi kuua mbegu za pepopunda. Ndiyo sababu hospitali hutumia mashine ya mvuke uliofungiwa, ambao hufika digrii 121. Pwani, kipimo cha nguvu za mvuke huo husoma ratili 15 kwa inchi ya mraba. Huku mlimani huongezwa kama nusu ratili kwa kila futi 1,000, yaani Meru karibu ratili 17 na nusu. Vyombo vilivyofungwa kwa kitambaa hukaa humo nusu saa, nayo saa huanza kuhesabiwa joto likiisha kufika, si mashine inapowashwa.

Limebaki neno la yule aoshaye. Mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, na ndiye achomwaye kwanza. Apewe glavu nene za mpira, aproni, miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika vidole, naye achanjwe chanjo ya homa ya ini ya aina B, ambayo ni sindano tatu. Akichomwa asikamue jeraha; alioshe kwa sabuni na maji, kisha amwarifu mkubwa wake saa ile ile, bila haya. Dawa za kuzuia Ukimwi lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ipitayo huzipunguzia nguvu.